Gari Kwenye Duara la Tufe

Mshauri wa wanafunzi aliegesha gari lake jipya katikati ya duara la kurushia tufe, akashuka.

"Shikamoo, mwalimu," alisema Beata. "Naomba usogeze gari, tunafanya mazoezi."

"Tunafanya, wewe na nani? Wenzako wameelewa, wameondoka. Michezo midogo chuo kimeifuta. Umebaki mpira wa miguu."

"Na ufadhili wangu wa masomo?"

"Umekwenda na tufe lako. Rudi Namtumbo ukachume tumbaku. Kwa mabega hayo, watakupokea kwa vigelegele." Akamtazama mlinzi wa getini ili naye acheke. Mlinzi akacheka.

Beata alilifuta tufe kwenye bukta yake mpaka vumbi jekundu likatoka, akalibana shingoni, chini ya taya, pale ngozi ilipoota sugu tangu sekondari. Lilikuwa baridi.

"Nimesema mazoezi yamekwisha! Wewe binti, husikii?"

Mrusha tufe huanza kwa kupageuzia mgongo pale anapolenga. Beata akaligeuzia gari mgongo, akakunja goti.

Mlinzi aliacha kucheka.