Hewa ya Bosi Twiga

Zamani wanyama walipokuwa wakichoma matofali, msimamizi wao alikuwa Twiga. Kichwa chake kilipita juu ya moshi wa tanuri, kwa hiyo kila walipolalamika aliwajibu, "Moshi gani? Hewa ya hapa safi kabisa! Machozi hayo ni ya uvivu tu."

Siku moja Nguchiro, mchochea moto, akamwita, "Bosi, karibu chai."

Chai ya kukaribishwa haikataliwi. Twiga akainamisha shingo hadi kwenye kikombe. Kabla hajaonja akakohoa, akapiga chafya, machozi yakamtiririka.

"Nani katia pilipili kwenye chai yangu?" akafoka.

"Hata sukari hatujatia, bosi," Nguchiro akajibu, akipangusa macho. "Karibu kazini."

Kesho yake tanuri likapata dohani ya kutolea moshi, ndefu kuliko shingo ya Twiga.