Ruhusa ya Kusoma Tu

"Nipe paswedi, mama Rukia," Badi alisema huku amemkamata mkewe Tausi nywele.

Tausi alikuwa amejifundisha kwa video za simu hadi akaweka kwenye kompyuta ya nyumbani majina ya wanawake wa mtaani waliopigwa na waume zao. Sasa akampa Badi paswedi ya wasomaji tu, aliyoitengeneza asubuhi ile.

Badi akaona jina la mkewe, na lake pembeni. Akabonyeza kufuta. Kompyuta ikamjibu kwamba hana ruhusa.

"Yaani mimi mgeni kwangu?" Akamzaba kofi, damu ikarukia kioo. Akanyanyua mchi aipasue kompyuta.

Mstari uliofuata kwenye kioo ulikuwa wa Mwanaidi, dada yake Badi: mbavu tatu zimevunjika, mume.

Badi akatoka na mchi mkononi, peku.