Kumzika Dalmas

Mzee Ogendo alifika maabara na jeneza la futi sita, kuchukua kitu kinachoingia mfukoni.

Pikapu iliyolibeba ilisimama nje ya geti, pembeni mwa foleni ya malori yanayosubiri kuvuka mpaka wa Busia. Madereva waliokuwa wamesinzia tangu asubuhi wakaamka wote kuangalia. Quinton, mtunza seli wa maabara, aliliona jeneza kupitia dirisha.

"Boss, mimi ni Ogendo wa Budalang'i, baba ya Dalmas," mzee alisema alipoketi. "Nimekujia mtoto yangu."

Dalmas alikuwa mvuvi. Mafuriko ya Mei yalimchukua yeye na mtumbwi wake, hakuonekana tena. Wiki moja nyuma ukoo uliitwa ufuoni: maiti imeelea. Kaburi likachimbwa. Walipoiosha maiti wakakuta ni ya mtu mwingine, na wenyewe wakaja kuichukua. Kaburi likabaki wazi, na kwa kina Ogendo kaburi haliachwi hivyo. Likimkosa wake, litajitafutia mwingine.

Wazee walishauri lizikwe tunda refu la yago badala ya mwili, kama inavyofanyika mtu anapopotea majini. Mama yake Dalmas, Syprose, akakataa katakata. Hawezi kuzika tunda wakati nyama ya mwanawe iko Busia.

Alikuwa na sababu ya kusema hivyo. Mwezi wa Januari maabara iliwaomba wavuvi sita kipande cha ngozi, kidogo kuliko punje ya mchele. Seli zingeoteshwa ndani ya chupa, kisha zimwagiwe maji ya mifereji inayotoka mashambani, ionekane kama dawa za kupulizia mimea zinadhuru watu. Afadhali ife seli kuliko mtoto wa mtu. Za wavuvi watano hazikushika. Za Dalmas zilishika, akakabidhiwa Quinton, na mkuu wake, Daktari Vivianne, akamwambia wazi kwamba zikifa, na kazi yake imekufa.

"Mzee, zikeni yago," Quinton alisema. "Hii chupa haitawasaidia."

"Haitatusaidia aje?"

Jibu alikuwa nalo. Akalimeza.

Aliyeharibu mambo kabisa ni Daktari Vivianne, aliyeingia wakati huo, na aliyaharibu kwa huruma. "Mpe mzee, Quinton. Majibu tumeshapata. Tena umezitunza, wacha nikusifu. Mwezi wa tatu zilikuwa zimelegea, nikajua zimeenda. Saa hii zinakua kuliko mwanzo." Akatia sahihi, akampa mzee pole, akatoka.

Quinton akafungua kabati la joto. Joto la mwili wa mtu likampiga usoni, kama lilivyompiga kila alipokuja kuzilisha. Aliiweka chupa chini ya hadubini, akampisha mzee kwenye kiti.

Mzee Ogendo aliangalia kwa muda mrefu.

"Iko hai?"

"Ziko hai, mzee."

Akaanza kuongea na chupa, taratibu, sauti ya kumwamsha mtu aliyepitiwa na usingizi mchana. "Dalmas, wuoda, wadhi dala." Mwanangu, twende nyumbani. Alirudia mara tatu. Quinton hakuwa Mjaluo, lakini hayo aliyaelewa, na alitamani kuziba masikio.

Mzee akainua kichwa. "Mimi siwezi zika kitu iko hai. Hiyo ni mwiko. Wewe ndio utamaliza."

"Mimi?"

"Nyinyi ndio mnajua hii kazi. Na usimwekee madawa yenu. Mwekee maji ya kwetu."

Maji ya kwao yalikuwa kwenye friji, sampuli namba nne, ya mfereji unaopita nyuma ya mashamba ya mpunga. Quinton aliyajua vizuri. Kila alipoyajaribu, yaliua. Aliyavuta kwa bomba, akayaachia ndani ya chupa, na mzee akavua kofia.

Nje malori yalinguruma, yakasogea hatua mbili, yakazima. Chini ya hadubini seli zilianza kujikunja moja baada ya nyingine, zikaachia sakafu ya chupa na kuelea. Quinton aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa maishani. Baridi ilimpanda kutoka vidoleni hadi mabegani, akatetemeka mpaka meno yakagongana. Mzee akamshika mkono.

"Pole, kijana. Umeishi na yeye kuliko sisi," alisema. "Jumamosi utakuja tuzike pamoja. Usikatae."

Hakukataa. Jumamosi kule Budalang'i chupa ililazwa peke yake ndani ya jeneza lile refu, juu ya shuka nyeupe, na shati la Dalmas la kanisani likatandazwa kando yake. Wanaume sita walilibeba wakilemewa, ingawa halikuwa na uzito. Mchungaji alisoma jina lote, la ubatizo na la ukoo. Mama Syprose alilia, na kwa mara ya kwanza tangu Mei alilia akiwa na mahali pa kuangalia. Baada ya kumwona hivyo, Quinton alijua hatafungua mdomo, si leo wala siku nyingine.

Jeneza likashuka. Kamba zikavutwa juu.

"Daktari wetu aanze," Mzee Ogendo akasema, na watu wakampisha Quinton hadi ukingoni.

Seli za Dalmas zilikuwa zimekufa zote mwezi wa tatu, umeme ulipopotea siku mbili mfululizo, na hizi zilizolala chini ya mbao Quinton alikuwa amezikata kwenye ngozi ya paja lake mwenyewe. Akainama, akachota udongo kwa viganja viwili, akaanza kujifukia.