Habari ya Saa Sita

Mama yake alikuwa angali ku misa wakati Sebahire alifungua redio ya mama huyo na kisu ya kumenya viazi. Aliangalia mulango mara tatu. Miaka makumi ine na mbili, bibi na watoto watano, na alikuwa anajificha kama mwizi wa kuku.

Mu mufuko alikuwa na module ya Bluetooth ya kuingiza sauti ya telefone mu redio, kale ka Wachina ka bei ya chini, kadogo kuliko biskuti. Alikanunua ku soko ya Nyabiondo kwa Anastasie, mama wa Butembo mwenye kuuzisha chaja na vitenge pa meza moja.

— Papa, unataka kuleta ambiance ya muziki mu hii vita? Anastasie alimucheka.

— Ni ya kusikilizisha mama nyimbo ya kanisa.

Ule ulikuwa uongo wa kwanza.

Ukweli njo huu: masasi ilikuwa inakaribia kila siku, kijiji yao yote ya Muheto ilikuwa inafunga mizigo, na mama yake, Nyiransengimana, alikataa kutoka. Alishakimbia mara tatu juu ya maneno ya barabara, na mara tatu alirudia akakuta maharagi yake imevunwa na watu wenye hawakulima. "Redio ikisema tukimbie, tutakimbia," alikuwa anasema. "Haijasema." Sasa nani ataacha mama yake peke yake ku kilima? Nyumba yote ilikuwa inamungoja yeye.

Hata woga hakuwa nao, hata ku Pasaka wakati bombe ilianguka karibu na shamba yake. Juzi kitu ililipuka ngambo ya muto, mbuzi zikakata kamba, yeye akaendelea kuchagua maharagi bila kuinua kichwa. Majirani wakasema: wamama wa zamani, roho ya chuma! Na mwenye alikuja kumubembeleza, alimwita karibu: "Kuja hapa, simama mbele yangu. Muntu mukubwa hawamusemeshake pa mulango kama muuza-mbuzi."

Sebahire akapasha ku makala fer à souder, chuma ya kuunganisha waya. Waya mbili akaipeleka ku pile, betri ya redio, zingine akaibandika pale penye watu wanaongezaka sauti. Kwanza redio ikakoroma kama muntu mwenye kunywa kasiksi ya ndizi tangu asubui. Akakuta alisahau waya moja, akaiunganisha, redio ikanyamaza. Kiisha, sauti ya mwanamuke ikasema kitu kwa nguvu mu Kiingereza. Hizo module zinafanyaka vile zikiwaka.

— Sebahire! Dancille, bibi yake, akaita ku inje. Uko na nani mu nyumba?

— Na Wachina!

Kwa habari yenyewe, ya kumuambia akimbie, alihitaji sauti yenye mama hajue. Akaenda kwa mwalimu Damien, mwenye Kifaransa ya kuvaa cravate ku shingo. Walirekodi mu migomba, blanketi ku kichwa, jasho inatiririka.

— Kaka, mimi nafundishaka watoto catéchisme. Unanidanganyisha muzazi wa muntu?

— Soma tu. Zambi iko yangu.

— Zambi iko yako, lakini sauti iko yangu. Mungu atatambua gani ya kwanza?

Kesho yake, saa sita ya mchana, mama aliikala mbele ya nyumba, redio ku magoti. Sebahire akajificha nyuma ya jikoni, telefone mu mukono, akabonyeza.

"Wasikilizaji wapendwa," Damien akaanza mu redio, "hapa ni habari ya saa sita..."

Walipanga vizuri: kwanza salamu, kiisha mambo ya province, na Muheto ku mwisho kabisa, juu ifanane na ukweli. Kupitia fito za jikoni, Sebahire aliona mama yake ameinamia ile sanduku, mikono mbili juu yake, kama muntu anapokea komunyo. Haya ikamushika. Yule mwanamuke njo alimufundisha asiseme uongo, hata kwa kipande ya sukari. Moshi ikamuingia mu macho. Yaani, alijiambia ni moshi.

Damien hajamaliza hata salamu, mama akainua kichwa, akaangalia ngambo ya jikoni, akasimama.

— Mufunge mizigo, akasema. Tunaenda.

Jina ya Muheto ilikuwa haijatoka. Angalia vile anaamini redio yake, Sebahire akawaza, na haya ikawa mara mbili.

Walitembea siku mbili mupaka Masisi, wakalala mu darasa ya shule pamoja na famili zingine. Siku ya ine habari ikafika: watu ya bunduki waliingia Muheto kesho yake ya kukimbia kwao. Majirani wenye walimufuata wakakuja kumushukuru mama.

— Mama, redio yako iliokoa watoto! Ilisema nini kabisa?

— Muulize Sebahire.

Na Sebahire alikuwa anaangalia chini. Watu walisifu, yeye alioza.

Siku ya yenga, ile ya misa, akashindwa kuvumilia. Mama alikuwa chini ya tableau, ubao ya darasa, anachagua maharagi. Sebahire akapiga magoti nyuma yake, juu uso wake hakuweza kuuangalia, na akatapika yote: module, migomba, blanketi, Damien.

— Nilikudanganya, mama. Unisamehe.

Mama akaendelea na maharagi. Tuk, tuk, mu sahani.

— Mama, nakuomba.

Tuk. Dancille alikuwa analia ku pembe. Sebahire aliona heri fimbo kuliko ile kimya. Akanyoosha mukono, akagusa bega ya mama yake.

Mama akashituka, akageuka. Akaona ile uso yenye machozi, akaipanguza na kitenge yake. Kiisha akainama karibu na sikio ya mwana wake, kama mwenye ananong'ona siri, na darasa yote ikasikia:

— Sebahire, usiambie hata bibi yako. Tangu ile bombe ya Pasaka sisikiaka kitu. Redio nashikaka juu watu wasijue. Ile siku niliona tu mutoto wangu analia nyuma ya jikoni, njo nikasimama.