Samaki wa Kwanza wa Venla

"Vuta, mama, vuta! Kanasa huyo!" Baba alipiga kelele mpaka wazazi wote walioleta watoto kujifunza kuvua kwenye ziwa lililoganda wakageuka.

Venla ndiyo kwanza alikuwa anarudi kutoka motoni, soseji mkononi. Alikuwa amemwachia baba mshipi kwa dakika mbili tu. Akaitupa soseji, akavuta kwa nguvu zake zote. Samaki akachomoza kwenye tundu la barafu, watu wakapiga makofi.

Lakini samaki hakufurukuta. Venla alivua glavu, akamgeuza. Tumbo lilikuwa limepasuliwa, mkato ulionyooka kama uliopigwa rula, na ndani hamna kitu, si ini, si moyo. Asubuhi ile mwalimu alikuwa amewaonyesha samaki wa sokoni aliyesafishwa vivyo hivyo.

"Mnamwona fundi wangu?" Baba alijitapa. "Ana miaka saba tu huyu!"

Venla alimtazama, kidole bado kimo ndani ya ule mkato.

"Baba," akauliza polepole, "siku ile uliponifundisha kuendesha baiskeli, uliposema umeniachia, uliniachia kweli?"