Spika ya Kushoto

Redio mpya ya setilaiti ya gari letu, lililoegeshwa nje ya nyumba hapa Adelphi, Marekani, ilishika stesheni zote, lakini spika ya mlango wangu wa dereva, upande wa kushoto, ilitoa sauti hafifu sana. Nikahamishia sauti yote huko, nikaongeza.

"Spika hii imekufa," nikamwambia mke wangu Jerotich, aliyeketi kando yangu na sare yake ya unesi.

Aliziba masikio. "Imekufa? Punguza, Baba Chela, majirani watatuitia polisi."

Nikashika mlango. Spika ilinitetemekea kiganjani. Nikaziba sikio la kulia kwa kidole, na Adelphi yote ikanyamaza.

Nilipotoa kidole, Jerotich alikuwa amezima redio. Alinitazama usoni jinsi anavyowatazama wagonjwa wake.

"Hebu tabasamu."

Nikatabasamu.

"Na upande wa kushoto pia," akasema polepole.