Nyundo Zinazong'aa

Paskazia alipitisha sumaku kwenye unga wa mahindi, ikatoka imeota ndevu nyeusi. Unga huo uliletwa na mpishi wa shule moja ya bweni kule Usagara, na ndevu zile zilikuwa chuma kilicholika kwenye nyundo zinazoponda mahindi ndani ya mashine yao ya kusaga. Nyundo hizo alizivisha tabaka jipya la poda ya chuma yeye mwenyewe kwa leza, hapa karakanani Mkuyuni, mwezi haujaisha.

Alijua kosa liko wapi. Bosi Luhende alitaka moto wa wati elfu tatu. Kwa moto huo poda huyeyuka yote, hata zile chembe ngumu za kabaidi zinazotakiwa kubaki nzima ili chuma kisilike. Nyundo hutoka laini, zinang'aa, na hazina maana yoyote. Wiki tatu nzima Paskazia alibaki karakanani kila jioni akijaribu vipande, anavisugua kwa mchanga na kuvipima, hadi akaupata moto unaofaa: elfu moja na mia nane. Karatasi ya vipimo ilikuwa mfukoni, hajamwonyesha mtu.

Akamfuata bosi ofisini na bakuli la unga na ile sumaku.

"Watoto wanakula hiki, bosi. Tupunguze moto kabla mzigo wao mpya haujatoka."

Luhende aliitazama sumaku, akatabasamu kama anaonyeshwa picha za harusi. "Ukipunguza, zinatoka na vipele. Mteja anapenda kinachong'aa. Hebu chungulia getini, Paskazia. Mwezi haujaisha, wamesharudi. Wanatupenda."

Paskazia alimwonea huruma. Mzee wa watu, karakana nzima ni yake na chuma hakijui! Akaamua amfundishe taratibu, asimwaibishe. Akaingiza mkono mfukoni.

"Halafu," Luhende alisema, akivuta boksi kutoka chini ya meza, "mama yangu kaongeza mashine ya pili kule Bujora. Nyundo zake hizi. Usizichanganye na za wateja."

"Nazo elfu tatu?"

"Wewe! Mama anakula unga ule. Weka elfu moja na mia nane, kama zile za mashine ya kwanza. Mwaka wa nne huu, haijalika hata moja."